Kulia hakusambazi kansa
Jamani, ile kauli ya "usilie, ukilia kansa itasambaa" tuiache, maana mgonjwa anaishia kujifungia bafuni na kufungulia bomba ili watu wasimsikie. Mwaka 2007 watafiti Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa zaidi ya 1,000 wa kansa ya kichwa na shingo, wakakuta furaha au huzuni yao haikuamua nani ataishi zaidi. Ila sonona (depression), yaani huzuni nzito isiyoisha, yenyewe ni ugonjwa na inatibika, mtu akiwa nayo halali, chakula hakipiti, hata kliniki anaruka, kwa hiyo ukiona wiki mbili zinaisha hataki chochote mwambie daktari wake, ushauri nasaha upo na dawa zipo. Na akilia kaa naye tu, mpe leso.