Alama ya mkaa kando ya Mirongo: nani ana kazi gani katika jiji janja

Kando ya mfereji mmoja unaoshusha maji kutoka milimani kwenda Mto Mirongo, hapa jijini Mwanza, kuna mama anayekaanga dagaa na sato. Nyuma ya jiko lake, ukutani, amechora mistari mitatu kwa mkaa. Kila mstari ni mvua moja: hapo ndipo maji yalipofika siku hiyo. Nilipita na wanafunzi wangu, tukaamkiana kwa "Mwangaluka", kisha nikamuuliza anajuaje kama leo maji yatapanda.

"Mwalimu, mimi sitazami mawingu," alisema huku akigeuza samaki. "Nasikiliza mawe. Mfereji ukianza kunguruma kule juu, hapo najua nina dakika chache za kunyanyua karai na kuwaita watoto."

Mama huyu ana kipimo, ambacho ni ukuta. Ana kumbukumbu ya miaka, na ana tahadhari ya mapema kupitia masikio yake. Hana mtu wa kuipokea taarifa hiyo na kuifanyia kazi. Kila ninapoalikwa kuzungumzia jiji janja, watu hutarajia nianze na kamera za barabarani na intaneti ya kasi. Mimi huanza na ukuta ule, kwa sababu miji mingi inayokwama katika safari hii haikwami kwa kukosa mitambo. Hukwama pale taarifa inapotoka kwa mtu mmoja na kukosa wa kuipokea.

Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, unaeleza jiji janja kuwa ni jiji linalotumia TEHAMA "na njia nyingine" kuboresha maisha ya watu na ufanisi wa huduma, bila kuwasahau watakaozaliwa baadaye. Maneno hayo mawili, njia nyingine, yasomwe polepole. Mkaa wa yule mama ni njia nyingine. Mkutano wa mtaa ni njia nyingine.

Sasa tuitazame Mwanza ilivyo. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 594,834 katika Wilaya ya Nyamagana na 509,687 katika Ilemela, yaani zaidi ya watu milioni 1.1 wanaoishi jiji moja kwa maisha ya kila siku, ingawa kiutawala ni halmashauri mbili: Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela. Konda wa hiace inayotoka Buhongwa kwenda Uwanja wa Ndege hasimami mpakani kubadilisha nauli. Wengi wetu tunaishi milimani, katikati ya miamba, kwenye nyumba zilizojengwa kabla ya viwanja kupimwa. Jiwe halinywi maji. Mvua ya nusu saa hushuka yote bondeni, ikibeba mchanga, chupa za plastiki na chochote kilichoachwa njiani, na safari yake huishia ziwani, kulekule tunakochota maji ya kunywa.

Basi tuchukue mfereji ulioziba, tuufuate. Ni wa nani? Ukiwa kando ya barabara kuu au ya mkoa, msimamizi ni TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Ukiwa kando ya barabara ya mtaa, ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanzishwa mwaka 2017. Taka zilizouziba ni jukumu la halmashauri. Bomba la majitaka linalovuja ndani yake ni la MWAUWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Mwanza. Mfereji unapomwaga maji mtoni, anaingia Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, kwani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na ziwa. Utabiri wa mvua yenyewe unatoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Hizo ni taasisi saba kwa mfereji ambao mtoto anauruka. Kila moja ina wataalamu wake, bajeti yake na namba yake ya simu. Mwananchi anayepiga simu anaweza kuambiwa, kwa haki kabisa, kwamba hapo si kwao.

Hapa ndipo nauona wajibu wa kwanza wa halmashauri, na kwangu ndio mzito kuliko yote: kuwa mwenyeji anayewaketisha wote meza moja. Jiji la Rio de Janeiro nchini Brazili linatufaa kwa mfano huu kwa sababu nalo lina milima yenye makazi yaliyosongamana. Aprili 2010 mvua kubwa iliporomosha udongo na kuua watu wengi. Mwisho wa mwaka huohuo jiji likafungua kituo cha pamoja cha uendeshaji. Picha zake zinazosambaa huonyesha ukuta mkubwa wa skrini, na wageni wengi hurudi kwao wakitamani skrini. Nadhani wangetamani viti. Kituo kile kiliwaketisha chumba kimoja watu wa barabara, usafi, hali ya hewa, usafiri na uokoaji, ili taarifa ya mvua isihitaji barua kufika ofisi ya pili. Kuanza kwa namna hiyo hapa kwetu kunawezekana kwa meza moja, simu moja na daftari moja la zamu katika miezi ya masika, huku Nyamagana na Ilemela zikiwa pamoja.

Serikali Kuu, kwa upande wake, hujenga msingi ambao halmashauri haiwezi kuujenga peke yake. Kazi kubwa tayari imefanyika. Anwani za makazi zilizowekwa nchi nzima mwaka 2022 zimewapa watu wa milimani jina la barabara na namba ya nyumba. Malipo ya serikali yanapita mfumo mmoja, kwa namba ya malipo unayoitumia hata kwenye simu ya kitochi. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 inataka mifumo ya taasisi za umma izungumze. Kilichobaki ni matumizi: kibao cha anwani kilichopigiliwa ukutani kinafaa pale tu dereva wa gari la wagonjwa, fundi wa maji na mkusanya taka wanapotumia anwani ileile.

Nataka nikae kidogo kwenye mfano wetu wenyewe, maana hatuutangazi vya kutosha. Katika baadhi ya milima ya jiji, kama Igogo na Kilimahewa, umejengwa mfumo rahisi wa majitaka. Ni mabomba membamba yanayopita katikati ya nyumba, mahali ambapo gari la kunyonya majitaka halifiki na shimo la choo halichimbiki kwa sababu ya mwamba. Kazi hiyo ilikuwa sehemu ya mradi mkubwa wa maji na usafi wa mazingira wa Ziwa Victoria, uliopata fedha kutoka Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Shirika la Maendeleo la Ufaransa. Kwa fundi, bomba la namna hii ni jambo dogo. Ugumu uko kwa watu: linapita chini ya uwanja wa jirani, na shimo lake la ukaguzi liko mlangoni kwa mama mkwe wa mtu. Jirani mmoja akikataa, nyumba za juu yake zinakosa huduma. Kwa hiyo kazi ya mhandisi haiendi bila mwenyekiti wa mtaa, bila vikao, bila mwenye nyumba kukubali kuchimbiwa. Baada ya kujengwa, akina mama na vijana wa eneo hilo wanapaswa kujua kisichotupwa chooni. Hakuna programu ya simu ndani yake, na bado naihesabu miongoni mwa kazi janja zaidi zilizofanyika katika jiji hili.

Sekta binafsi ina nafasi yake, na tusiionee haya. Vikundi na kampuni zinazozoa taka mlango kwa mlango zinajua ni vichochoro vipi gari haliingii. Kampuni za simu zinaweza kufikisha ujumbe wa tahadhari kwa maelfu ya watu kwa dakika moja. Vijana wanaoandika programu hapahapa Mwanza wanajua mteja wao anaongea vipi. Ila mkataba usomwe mapema: taarifa za wananchi ni mali ya nani, na mkandarasi akiondoka, mfumo unabaki na nani? Jijini Toronto, Kanada, kampuni dada ya Google ilitangaza mwaka 2017 mpango wa kujenga mtaa janja kando ya ziwa. Wakazi walihoji kwa muda mrefu nani atamiliki taarifa zinazokusanywa juu yao, na Mei 2020 kampuni ikajitoa, ikitaja hali ngumu ya uchumi wakati wa korona. Ubishi wa wakazi ulikuwa halali, na sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayotupa haki ya kuuliza yaleyale. Kamera ikifungwa sokoni, mchuuzi ana haki ya kujua picha yake inakwenda wapi.

Sisi wa vyuo tunadaiwa pia. Kuanzia mwaka 2015, wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam walichora pamoja ramani za mifereji na maeneo yanayofurika, katika kazi iliyojulikana kama Ramani Huria. Oktoba 2018 Mwanza ilipokea wataalamu kutoka nchi nyingi waliokuja kujadili na kujaribu ndege zisizo na rubani kufikisha huduma visiwani. Ujuzi upo, na vijana wa vyuo vya Malimbe, Nyegezi na Bugando wapo. Tatizo letu ni utafiti unaoishia kabatini. Mwanafunzi akimaliza kuwahoji watu wa mtaa, arudi awasomee alichokipata, kwa Kiswahili, tena kwenye kikao chao.

Washirika wa nje tumekuwa nao siku nyingi: urafiki wa Mwanza na Würzburg ya Ujerumani ni wa tangu 1966, na ule wa Tampere ya Ufini tangu 1988. Faida yake kubwa ni kubadilishana watu na uzoefu. Redio za hapa nazo zinafika jikoni na kwenye mtumbwi, mahali ambapo mtandao bado unasuasua.

Kisha yupo mwananchi, ambaye katika michoro mingi ya jiji janja huwekwa pembeni kama mtumiaji. Mimi namweka kama chanzo. Mei 2020 kina cha Ziwa Victoria kilipanda kikaipita kidogo rekodi ya mwaka 1964. Mvuvi anayevuta mtumbwi wake mchangani kila asubuhi huona maji yakisogea kabla ya ripoti yoyote kuandikwa. Dereva wa bodaboda anajua kona ipi inateleza. Machinga anajua taa ipi imezimika. Wape njia ya kusema inayofanya kazi kwenye kitochi, ya kubonyeza nyota na reli, bila kuhitaji simujanja wala bando. Mwenye ulemavu wa macho apate sauti. Na anayetoa taarifa apate jibu, hata kama jibu ni "tumeipokea, fundi anakuja Alhamisi". Mtu akiripoti mara mbili bila kujibiwa, mara ya tatu hapigi.

Mwananchi naye ana deni lake. Mfuko wa taka unaoachiwa mfereji usiku mvua inaponyesha unamfikia mtu wa chini kabla ya asubuhi. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, twende, na tuulize: mtaa wetu una mifereji mingapi, kila mmoja ni wa taasisi ipi, na nani kwa jina anapokea simu usiku wa mvua?

Wanafunzi wangu walirudi kwa yule mama na futi kamba. Wakapima mistari yote mitatu kutoka sakafuni, wa juu kabisa ukiwa juu kidogo ya goti langu. Wakaandika, wakaweka alama mahali pale kwenye ramani ya simu, na nakala wakampa mwenyekiti wa mtaa, aliyeikunja vizuri akaiweka kwenye daftari lake la vikao. Mama akatuuliza, "Sasa mwalimu, nikisikia mawe yananguruma nimpigie nani?" Nilimpa namba ya mwenyekiti. Mwenyekiti ananiambia bado anatafuta ya kwake ya kupiga.