Je, wajua yai viza linavyofundisha ploti?

Mwulize mwanafunzi ploti ni nini, atakujibu papo hapo: ni mtiririko wa matukio katika hadithi. Alama yake amepata. Sasa mwulize kwa nini tukio la pili limekuja baada ya la kwanza na si baada ya la tano, uone atakavyotazama dari.

Walimu wengi wa shule za msingi nchini Marekani, wakifika kwenye somo la vipengele vya hadithi, hufungua kitabu ambacho wao wenyewe walisomewa utotoni: Charlotte's Web cha E. B. White, kilichotoka mwaka 1952. Kwa nini hicho, na vitabu vya wanyama viko tele?

Kisa chenyewe husimuliwa kwa pumzi moja. Nguruwe anazaliwa mdogo na dhaifu kuliko nduguze wote. Mwenye shamba anachukua shoka akammalize, lakini bintiye Fern, mtoto wa miaka minane, anamng'ang'ania baba mpaka kitoto kile kinapona. Fern anakiita Wilbur, anakinywesha maziwa kwa chupa, na kikishakua kidogo kinauzwa kwa dola 6 kwa jamaa yao aitwaye Zuckerman. Huko bandani kondoo mzee anamtobolea Wilbur siri: baridi ikija utachinjwa. Buibui mmoja, Charlotte, anaahidi kumwokoa, na anafanya hivyo kwa kufuma maneno ya sifa katikati ya utando wake, juu ya mlango wa zizi. Watu wanafurika kutazama. Nani atamtia kisu nguruwe wa muujiza?

Turudi kwenye ploti. Bata bukini wa bandani anaatamia mayai manane, yanaanguliwa saba. La nane ni viza. Panya Templeton, ambaye hatupi kitu, analiomba na kulificha chini ya hori la Wilbur. Mtoto anayesikiliza anacheka tu, maana panya ni panya. Kurasa kadhaa baadaye, Fern na kaka yake wanaingia, kaka ameshika fimbo na kisanduku akitaka kumkamata Charlotte. Anateleza, anaangukia hori, hori linapinduka, yai linapasuka. Harufu inayotoka inawatimua watoto wote wawili, na buibui anabaki hai. Maneno ya kwanza utandoni yanakuja baada ya hapo.

Mwalimu mjanja husimama hapo hapo na kuuliza: tukiling'oa yai hili kitabuni, nini kinaanguka? Wanafunzi wanaanza kuhesabu. Bila yai, Charlotte yumo kisandukuni. Bila Charlotte, hakuna maneno. Bila maneno, Wilbur ni nyama ya sikukuu. Hapo ndipo mtoto anapoona kwamba matukio hayapangwi kama shanga kwenye uzi, kwamba tukio moja humbeba mwenzake mgongoni.

Mandhari nayo. Kwenye mitihani yetu mandhari mara nyingi hujibiwa kwa neno moja, "shambani", na mambo yamekwisha. Katika kitabu hiki jibu hilo halitoshi, kwa sababu mandhari ni mahali pamoja na wakati, na wakati ndio unaomkimbiza Wilbur. Anazaliwa majira ya kuchipua, anacheza kiangazi kizima, kisha nyenje wanaanza kuimba kwamba kiangazi kimekwisha, na kila mmoja shambani anasikia wimbo huo kwa namna yake. Kwa nguruwe, baridi ni kisu. Kwa buibui wa bandani ni kifo pia, maana jike huishi msimu mmoja, hutaga mayai majira ya kupukutika kwa majani, kisha hufa. White hakubuni hilo. Alikuwa na shamba lake huko Maine, Marekani, na alisoma habari za buibui kwa bidii kabla ya kuandika. Jina kamili la mhusika wake, Charlotte A. Cavatica, limetokana na jina la kisayansi la buibui huyo, Araneus cavaticus. Kwa hiyo saa ile ile inamdai mwokozi na anayeokolewa, na mmoja tu ndiye atakayelipiwa deni.

Hapa pia ndipo darasa hukwama kwenye mgogoro. Adui ni nani? Wengi watamnyoshea kidole Templeton. Lakini panya huyo ndiye anayeokota jalalani vipande vya karatasi vyenye maneno ya kufuma. Zuckerman naye si mtu mbaya. Ni mkulima anayefanya kama wakulima wote. Kitabu hakina jambazi hata mmoja, na mgogoro umo tele.

Sisi tuliolelewa na ngano tuna faida moja na kikwazo kimoja. Faida ni kwamba mnyama anayesema hatushangazi. Kikwazo ni kwamba tunamjua kabla hajafungua mdomo: Sungura mjanja, Fisi mlafi, na mpaka mwisho hawabadiliki. Hao ndio wahusika bapa, na Templeton ni ndugu yao kabisa, kwani hata mwishoni anakubali kusaidia baada tu ya kuahidiwa atangulie kula horini. Wilbur ni mhusika duara. Aliyekuwa akilia kila akisikia neno kisu ndiye anayekibeba mdomoni kifuko chenye mayai 514 ya rafiki yake na kukirudisha nyumbani. Fern naye anabadilika, kwa namna inayouma kidogo: Wilbur anapopewa tuzo yake kwenye maonyesho ya kilimo, yeye ameshakimbilia bembea kubwa kumtafuta mvulana.

Nikiri kwamba kitabu cha nguruwe si chepesi kwa kila darasa. Pwani, neno lenyewe tu litaleta vicheko na pengine barua ya mzazi. Ila watoto hao hao wameshasikia kisa cha buibui aliyetanda utando mlangoni mwa pango la Thaur ili wanaomsaka Mtume wapite. Kwamba uzi mwembamba unaweza kuzuia mauti, hawahitaji kufundishwa.

Maneno ya Charlotte ni somo la lugha peke yake. La kwanza likiletwa kwa Kiswahili nadhani lingekuwa "nguruwe si mchezo": sifa isiyotaja sifa yoyote. La mwisho ni "mnyenyekevu", na Charlotte analipenda kwa sababu kwa Kiingereza lina maana mbili, asiye na majivuno na aliye karibu na ardhi. Kiswahili kina bahati hapo, maana anayenyenyekea kweli huinama.

Lakini ninachokipenda zaidi ni jinsi White mwenyewe alivyolifanya zoezi la kung'oa na kupachika. Mwaka 1948 alikuwa amechapisha insha kuhusu nguruwe wake aliyeugua akafa: alimfuga ili amchinje, akajikuta anamuuguza usiku na mchana. Riwaya ilipokuja, alijaribu mianzo kadhaa, mmojawapo ukianza na buibui, mwingine na banda. Alipomaliza muswada hakuridhika, akauweka kando karibu mwaka mzima. Aliporudi aliongeza sura za Fern, na akaanzisha kitabu mezani, wakati wa kifungua kinywa, mtoto akimwuliza mama yake baba anakwenda wapi na shoka lile. Kwa mwandishi, shoka liliingia mwishoni. Msomaji analikuta kwenye sentensi ya kwanza.