Lamu si lazima upande punda

Wageni wengi husikia kwamba Mji wa Kale wa Lamu hauna magari, basi huja wakidhani watazunguka kisiwani juu ya punda. Sivyo. Punda wa Lamu ni wa mizigo hasa: mchanga, simiti, mawe ya kujengea. Ukiwa kwenye kichochoro usikie "simila!" nyuma yako, jibanze ukutani upesi, kwani magunia ya punda hukaribia kugusa kuta pande zote mbili.

Usafiri wenyewe ni miguu na boti. Ndege hutua kisiwa cha Manda, mabasi huishia Mokowe bara, na kutoka kote huko utavushwa kwa boti. Kutoka mjini hadi kijiji cha Shela ni kama kilomita 3 kando ya bahari, mwendo wa dakika 40 hivi. Lakini uliza kwanza habari za maji! Yakijaa, hasa wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo), sehemu ya njia hufunikwa, na hapo boti ndiyo salama. Patana nauli kabla ya kupanda. Bodaboda zipo pia kisiwani siku hizi, ila kwa vichochoro vile, mimi naona miguu ni bora zaidi.