Soko la nyumba kuporomoka maana yake nini?

Hapa Mombasa ukisema nyumba zimeporomoka, mtu atakuuliza kwanza: wapi, na kuna waliofukiwa? Soko la nyumba linapoporomoka, kuta zote zinabaki zimesimama. Kinachoanguka ni bei, tena nchi nzima, na inaweza kukaa chini miaka.

Bei kushuka peke yake kunavumilika. Aliyejenga Kisauni kwa pesa zake, mawe leo, mabati mwakani, atasononeka kisha atalala palepale. Balaa ni deni. Chukua mtu aliyenunua fleti Nyali kwa milioni 10, na milioni 9 kati ya hizo ni za benki. Bei ikishuka hadi milioni 7, hata akiuza leo bado anadaiwa karibu milioni 2, na nyumba hana. Akiachishwa kazi, fleti inapigwa mnada kwa bei ya kutupa, na kesho yake mnunuzi anamtajia jirani bei hiyohiyo.

Wanaoumia mapema wengi hawana nyumba wala mkopo: fundi, kibarua wa mjengo, muuza saruji, mama anayewapelekea mahamri na mbaazi saa nne.

Ila bei haianguki bila kupandishwa kwanza. Marekani, riba ya benki kuu ilishushwa hadi asilimia 1 mwaka 2003. Mabenki yakakopesha hata watu wasio na kipato cha kueleweka, kisha yakafunga mikopo ile mafurushi na kuwauzia wawekezaji wa dunia nzima. (Mimi kosa kubwa naliona hapa: aliyekopesha ameshauza deni, ataogopa nini lisipolipwa?) Katikati ya 2006 riba ilikuwa imefika asilimia 5.25. Marejesho yakawashinda wengi, bei zikaanza kushuka, benki kubwa ya uwekezaji ya Lehman Brothers ikafilisika Septemba 2008, na kufikia Oktoba 2009 ukosefu wa kazi ulikuwa asilimia 10. Ayalandi iliumia zaidi. Bei zilishuka kama nusu, mitaa mipya ikabaki magofu yasiyo na watu, na serikali iliyojitwika madeni ya mabenki ikaishia kuokolewa mwaka 2010 kwa mpango wa yuro bilioni 85.

Kwetu kuni za moto wa aina hiyo ni chache: mikopo ya nyumba Kenya nzima ni kama 30,000 tu, kati ya watu zaidi ya milioni 50. Na Mombasa tuna nyumba bila ardhi. Kuta na paa ni zako, kiwanja ni cha mwingine, nawe unamlipa kodi ya ardhi. Benki haitaki rehani ya namna hiyo, maana hatimiliki huna. Riba ikipanda Nairobi, mwenye nyumba kama hiyo Majengo huenda asijue. Anachoogopa yeye ni kuamka siku moja akaambiwa ardhi imeuzwa.