Kabla hujalalamikia bei ya dawa, soma jina la chini kwenye boksi

Malalamiko ya bei za dawa yamezidi huku kwetu Mwanza, kuanzia Igoma mpaka Nansio watu wanatuletea sisi wakaguzi wa dawa risiti wanataka tukamfungie mwenye famasi leo leo. Ndugu zetu, mkaguzi wa dawa hapangi bei ya famasi binafsi, anaangalia kibali, usajili wa dawa, mtaalamu anayetoa na namna zinavyotunzwa, basi.

Hela nyingi zinaliwa na mazoea. Chukua boksi lako la presha: herufi kubwa ni jina la biashara, chini yake kwa herufi ndogo kuna jina lenyewe la dawa, mfano amlodipini, na nguvu yake 5 mg. Ulizia hilo la chini, "naomba amlodipini ya 5 mg ya bei ya chini mliyonayo". Muongozo wa matibabu wa taifa unamtaka hata daktari aandike hivyo kwenye cheti, akiandika la biashara muulize hapohapo. Na hii ya "ya India feki, ya Uingereza ndo inaponya" jamani tumechoka nayo, dawa ikishasajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya nchi, imeshapimwa, na wanaoghushi hawaziachi hata zile zenye jina maana nazo zina soko. Ila mgonjwa wa kifafa asibadilishe kampuni bila kumwambia daktari wake, hapo tofauti ndogo tu inaweza kurudisha degedege.

Kuna wanaosema "nikatie za buku tu". Antibayotiki za siku mbili hazijakupunguzia gharama, ugonjwa ukirudi utanunua nyingine kali zaidi na ghali zaidi. Dawa ya kila siku kama ya sukari unaweza kununua kidogokidogo mfuko ukibana, lakini tarehe ya kuisha muda imepigwa ukingo mmoja wa pakiti, wakishakata kipande chako hakina, kwa hiyo omba uione kabla mkasi haujapita.

Dawa za TB na ARV ni bure, na kwa sera watoto chini ya miaka 5 na wajawazito hawalipii kwenye vituo vya serikali. Wenye bima, dawa ikikosekana dirishani msikimbilie kununua, ombeni fomu ya kuthibitisha haipo, igongwe muhuri, mkachukue famasi yenye mkataba na mfuko wenu.

Ukiona dawa yenye nembo ya MSD, yaani Bohari ya Dawa ya serikali, na herufi GOT (Serikali ya Tanzania kwa Kiingereza) inauzwa dukani, hiyo ni ya serikali, hata iwe rahisi vipi usinunue, toa taarifa. Tunavyofanya ni hivi: mkaguzi anajitambulisha, dawa zinahesabiwa mbele ya mwenye duka, zinaandikwa kwenye fomu, anasaini, nakala anabaki nayo, kisha suala linaenda mbele, linaweza kuishia faini, jela au vyote, na kibali kufutwa. Zile mbovu zinateketezwa kwa gharama zake yeye. Wanaotembeza dawa kwenye beseni pale mwaloni Kirumba nao wasijidanganye kwamba hawana duka la kufungwa.

Unapotoa taarifa njoo na risiti na pakiti yenye namba ya toleo (batch). Ukituambia "ni vile vidonge vya njano" hatuna pa kuanzia.