Kabla ya Kwenda Chwaka, Tazama Mwezi

Wageni huniuliza wende Chwaka, kijiji cha ghubani huku Unguja, lini: majira ya kaskazi au ya kusi. Nami huwauliza: siku hiyo itakuwa mwezi ngapi? Simaanishi Januari wala Julai. Nasema mwezi wa kuandama, ule ule tunaohesabia Ramadhani. Nimepima mikoko ya ghuba hiyo kwa miaka mingi, na kalenda ninayopangia safari zangu ni hiyo.

Jua, mwezi na dunia vikikaa mstari mmoja, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mvuto wa jua na wa mwezi huungana. Siku moja au mbili baadaye tunapata bamvua: maji yanapwa mpaka mbali, kisha yanajaa mpaka juu, na tofauti ya kina inaweza kufikia mita 4. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, na tofauti hushuka hadi kama mita 1. Huku Unguja, siku za bamvua bahari hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi jioni. Kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50. Ukijua tarehe ya mwezi, saa ya maji umeshaijua.

Niliwahi kupeleka wanafunzi bila kufanya hesabu hiyo. Saa nne asubuhi tulikuta maji yamejaa, mizizi yote imezama, tukabaki kutazama majani. Mzee mmoja aliyekuwa akirekebisha dema lake, mtego wa samaki, aliitikia shikamoo zetu, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, leo mwezi tisa. Umewaleta kuona nini?" Sijalisahau swali lile.

Basi nenda mwezi pili au mwezi kumi na sita, na uwe umefika saa mbili asubuhi. Ni kilomita 30 na ushee kutoka mjini, daladala zipo. Piga hodi kwa sheha, kiongozi wa serikali pale kijijini, mweleze shida yako, akupe mtu wa kukuongoza. Vaa nguo ya stara na viatu vya kufunga. Wakati huo kina mama wanashuka na ndoo kuokota kombe wa baharini, na ghuba nzima inakuwa uwanja wa kutembea.

Mikoko ya Chwaka ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004. Usipite haraka. Ukikuta mchu, aina moja ya mikoko, geuza jani lake, lilambe upande wa chini. Ni chumvi. Chumvi inayopenya mizizi ya mchu hutolewa kupitia majani. Mkoko wenyewe, mti unaoipa mikoko yote jina, hufanya vingine: hutegemea kuizuia sehemu kubwa ya chumvi kwenye mizizi, isipande. Miti miwili imesimama tope moja, kila mmoja na njia yake. Mimi hili halijanichosha hata leo.

Inama tena uangalie vijiti vilivyochomoza topeni kuzunguka mchu, kama penseli zilizosimamishwa. Hiyo ndiyo mizizi yake ya kupumulia, maana tope lile halina hewa. Tafadhali usiikanyage. Huko nyuma, upande wa nchi kavu, kuna michu ambayo bahari huifikia siku za bamvua tu. Siku nyingine zote inangoja.

Na tazama tunda la mkoko. Mbegu yake huota ingali mtini, ikaning'inia kama kijiti kirefu cha kijani, kisha hudondoka ikiwa tayari mche. Ikiangukia tope wakati maji yamepwa, huweza kujichoma hapo hapo. Ikikuta maji yamejaa, huelea, ikachukuliwa hata wiki kadhaa kabla ya kupata pa kushika.

Ikipita saa tano, geuka urudi, hata kama mbele panavutia. Maji hayaji kwa mbele peke yake. Hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako, ile uliyoivuka ikiwa mikavu. Ukifika ufukweni kaa kivulini ungoje. Mchana vyombo huanza kuingia na maji, samaki wanamwagwa chini, na mnadi anaanza kuita bei. Nunua tasi. Watakapokuwa wanakusafishia, chungulia ukingo wa maji: miche ya mkoko inapita, imelala ubavu, inaelekea ndani ya ghuba.