Kujipima si kupimwa

Kifaa cha tahadhari ya ndege za jirani hurusha maswali ya redio kwa megahezi 1030, na transponda (redio za kujibu maswali hayo) za ndege zilizo karibu hujibu kwa 1090. Muda wa jibu kurudi hutoa umbali, kimo cha ndege hiyo huwa ndani ya jibu lenyewe, na antena hubaini upande. Rubani huonyeshwa na kutahadharishwa, basi. Kuambiwa apande au ashuke ni kazi ya TCAS II, mfumo mkubwa zaidi wa kuzuia ndege zisigongane. Ndege isiyo na transponda haionekani kabisa.

Kinachokera ni fundi anayemaliza kukifunga kwenye ndege ndogo aina ya Caravan, anabonyeza kitufe cha kujipima, anasikia sauti ikisema kiko sawa, kisha anatangaza kwamba kimepimwa. Kitufe kile hukagua afya ya kisanduku na viunganishi vyake. Hakijui kama antena imefungwa ikitazama mkiani. Ikiwa hivyo, ndege inayokuja usoni itachorwa nyuma, na rubani atakodoa macho upande usio na kitu.

Kupima baada ya kufunga ni kuisukuma ndege nje ya hanga, mbali na kuta za mabati zinazorudisha mawimbi, halafu kutumia chombo cha majaribio kinachojifanya ndege nyingine: iko maili kadhaa, inakaribia, kimo kilekile. Unasimama nacho mbele ya pua, kulia, mkiani, kushoto, na kila mara mwenzako aliye ndani anasema skrini inaonyesha wapi. Kisha mnawasha transponda na DME (kipima umbali hadi kituo cha ardhini) ya ndege yenyewe. Vyote hivi hutumia masafa yanayokaribiana, kwa hiyo huungwa kwa waya wa kunyamazishana, kimoja kikirusha vingine vikae kimya. Waya huo ukisahaulika, kifaa kinaweza kuiona ndege yake chenyewe kama mgeni aliyeganda papo hapo, haondoki. (Na anayejaribu transponda kwa kimo cha uongo bila kufunika antena anaweza kuzusha onyo kwenye ndege ya abiria inayokuja kutua. Hilo nalo watu hulisahau.)

Kitufe kina mahali pake: rubani akibonyeze kabla ya kuruka. Ila kwenye kitabu cha matengenezo, siku ya kufunga, tuandike "kimejipima" pale kilipojipima tu, na "kimepimwa" tukishazunguka pande zote nne.